Hesabu za Baada ya Kuanguka Hesabu

Matatu inayotoka Kisumu kwenda Busia hupita Kisian, hupanda Maseno penye alama ya ikweta, huteremka Luanda na Yala, hufika Ugunja, kisha Bumala. Hapo abiria wa Port Victoria hushuka na kutafuta gari jingine la kuwaingiza Budalang'i hadi ziwani. Katika miezi ya kufunga vyuo, ndani ya gari hilo hukosi kijana anayefungua na kufunga ukurasa uleule wa matokeo kwenye simu. Yuniti saba, sita amepita. Ya saba ni hesabu, na mbele yake pameandikwa 31. Nyumbani wanamngoja kwa ngege wa kukaanga na swali moja: mitihani ilikuwaje? Jibu analo tayari tangu Maseno. Ilikuwa sawa tu.

Alama 31 ni deni, na deni hilo hulipika. Kinacholizidisha ni hilo jibu la "sawa tu".

Mtihani wa marudio, ambao kila komredi anauita sapu, hauji wenyewe. Lazima ujiandikishe, na vyuo vingi hutoza ada kwa kila yuniti. Ili upate hela hizo lazima umwombe mtu, na ili umwombe lazima umweleze ni za nini. Aliyesema ilikuwa sawa tu amejifungia mlango huo kwa mkono wake. Siku za kujiandikisha zinapita, sapu inafanywa yeye akiwa ufuoni anasaidia kuanika omena, na yuniti ambayo ingemalizwa kwa karatasi moja inageuka kuwa ya kurudiwa nzima, darasani, pamoja na waliomfuata kwa mwaka mmoja. Muhula unaofuata anakuta hesabu ya pili haimpokei asiyepita ya kwanza. Na mwisho wa siri hii una watu wake kila msimu wa mahafali: orodha imebandikwa, jina halimo, na nyumbani mbuzi ameshafungwa kamba na shangazi wa Nairobi ameshakata tiketi.

Nimewasikia wazazi wakisema watoto wa siku hizi hawana haya. Kwa jambo hili, haya wanayo kupita kiasi. Yule kijana anajua karo ilitoka wapi, anajua nani aliuza nini, na anaona kwamba kutamka "nimeanguka" ni kuwatupia wazazi mavuno yao usoni. Kwa hiyo ananyamaza kwa heshima, na heshima hiyo inamgharimu mwaka.

Basi tulipigie deni hili hesabu, maana wengi hulikimbia bila kujua ukubwa wake.

Hesabu ya kwanza ni ya hofu kwamba digrii imeharibika. Vyuo vikuu vyetu vingi vimeweka alama ya kupita kuwa 40, na aliyepita kwa sapu huandikiwa 40 hata kama safari ya pili alipata 75. Inauma. Lakini chukua digrii ya miaka minne yenye yuniti 48 zenye uzito sawa. Kama katika yuniti 47 wastani wako ni 61, jumla yako ni 2,867. Ongeza 40 ya sapu, upate 2,907. Gawanya kwa 48: ni 60.56. Daraja la pili la juu huanzia 60, kwa hiyo bado umo. Anayeumia kweli ni yule aliyesimama ukingoni. Mwenye wastani wa 60.2 katika zile 47 anashuka hadi 59.78 na kuingia daraja la pili la chini, na hakuna maneno ya faraja yatakayolibadilisha hilo. Wengine wote wamepoteza kama nusu alama ya wastani. Nusu alama! Na kwa nusu hiyo watu wanaacha chuo, wanazima simu, wanahama hosteli.

Hesabu ya pili ni ya hiyo 31 yenyewe: imetoka wapi? Katika mpangilio wa kawaida wa vyuo vyetu, majaribio ya muhula, yaani CAT, hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Aliyeingia mtihani akiwa na 18 za CAT anahitaji 22 tu kati ya 70 ili afike 40. Aliyeingia na 9 anahitaji 31. Asiye na CAT hata moja anahitaji 40 kati ya 70, yaani asilimia 57, kwenye karatasi ambayo darasa zima linaiogopa. Sasa jiulize kwa nini CAT hazikuwepo. Je, wiki ile ulikuwa nyumbani ukitafuta karo? Je, uliifanya na alama hazikuingizwa? Alama zilizopotea ni ugonjwa wa zamani katika vyuo vya umma nchini, na kila kizazi cha wanafunzi kina hadithi zake. Anayeona 31 kwenye simu na kuamua papo hapo kwamba hana kichwa cha hesabu huenda anajihukumu kwa karatasi iliyobaki kwenye droo ya mtu.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haina uhusiano wowote na kalkulasi. Ni kwenda idarani, kwa mratibu wa mitihani, na kuomba mgawanyo: CAT ya kwanza ngapi, ya pili ngapi, mtihani ngapi. Wengi huona kuuliza hivyo ni kumshuku mwalimu. Sivyo. Sema "shikamoo" ukipenda, sema "habari ya asubuhi, mwalimu", toa namba yako ya usajili, uliza kwa adabu, na uandike unachoambiwa. Uliza pia kama chuo kinaruhusu karatasi kusahihishwa upya, na siku ya mwisho ya kuomba ni lini. Mambo hayo yameandikwa katika kanuni za mitihani, kile kijitabu ambacho kila mwanafunzi hupewa siku ya kujisajili na ambacho wengi hukitumia kuzuia mlango wa hosteli usigonge.

Humo humo utakuta jambo zito zaidi. Vyuo huweka kikomo cha idadi ya yuniti unazoweza kuangusha kwa mwaka na bado upewe sapu. Ukivuka, unarudia mwaka. Ukizidi hapo, unaondolewa. Kati ya sapu na kurudia mwaka kuna tofauti kubwa ya fedha. Sapu ni ada ya yuniti moja na nauli. Kurudia mwaka ni karo, kodi ya chumba na chakula cha miezi mingi, na mkopo wa HELB hupangwa kwa miaka ya kozi, kwa hiyo usiweke mwaka wa ziada kwenye hesabu zako kana kwamba bodi itaulipia. Kwa familia inayoishi kwa mtumbwi mmoja na shamba ambalo mto Nzoia ukifurika hulichukua, mwaka wa ziada ni uamuzi wa familia nzima.

Kwenye vyuo vya ufundi mambo yana sura yake. Anayesomea diploma ya uhandisi wa umeme chini ya mitihani ya KNEC hukutana na hisabati katika kila moduli, na ile ya moduli za juu, yenye mambo ya Laplace na Fourier, imewaliza wengi. Akiangusha karatasi hiyo peke yake, hurudia karatasi hiyo peke yake katika msimu unaofuata, Julai au Novemba. Walio kwenye mfumo mpya wa umahiri unaosimamiwa na TVET CDACC hawaambiwi hata kwamba wameanguka. Huambiwa umahiri bado haujafikiwa, kisha hupimwa tena. Tatizo la vyuo hivi liko kwingine. Mlango wa diploma ni wastani wa C ya kutoa katika KCSE, na mtu anaweza kuingia kwa wastani huo huku hesabu ikiwa ndilo somo lililomtesa tangu kidato cha kwanza. Anaketi darasani akisikiliza Laplace, ilhali kinachomshinda ni kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine.

Hili nataka nilikazie, kwa sababu ndipo sapu nyingi zinapopotea. Mwanafunzi aliyeanguka kalkulasi huchukua noti zilezile za kalkulasi, huzisoma mara tatu, kisha huanguka tena. Mwombe akufungulie karatasi yake. Mara nyingi hatua ya kalkulasi ameipata; amekosea sehemu, vipeo, logi, alama ya kutoa mbele ya mabano. Hizo ni mada za kidato cha kwanza hadi cha tatu. Tiba yake ni kitabu cha sekondari cha mdogo wake na wiki mbili za unyenyekevu. Najua inavyokera kumwona mtu wa mwaka wa pili chuoni amefungua kitabu chenye jina la darasa la mdogo wake. Na afungue.

Kuhusu namna ya kusoma, kuna kisa cha mbali ambacho kila idara ya hisabati ukanda huu wa ziwa ingepaswa kukijua. Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kijana aliyeitwa Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka kalkulasi ya mwaka wa kwanza huku wenzao wenye asili ya Uchina wakifanya vizuri. Walimu walikuwa na majibu yao tayari: hawana bidii, hawakuandaliwa, familia hazijali, umaskini. Treisman hakuridhika. Alichukua wanafunzi 20 wa kundi moja na 20 wa kundi jingine, akawafuata hadi vyumbani mwao, akaangalia wanavyosoma.

Alichokikuta kiliwaaibisha wenye majibu. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii, na wazazi wao walijali sana. Walisoma saa zilezile walizoambiwa na walimu wasome, lakini walisoma peke yao, kila mtu chumbani kwake. Akikwama, alikwama peke yake, na akiona maksi mbaya alidhani ni yeye tu. Wale wa asili ya Uchina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni, wakalinganisha majibu, wakabishana, wakaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Kila mmoja alijua yuko wapi darasani kabla mtihani haujamwambia. Treisman akaanzisha vikao vya kazi ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya darasani, wayashambulie pamoja. Hakuviita vya wanyonge, wala havikuwa vya marudio. Matokeo ya waliohudhuria yalipanda sana, na vikao vya namna hiyo vikaenea vyuo vingi vya Marekani. Maelezo yake mwenyewe aliyachapisha mwaka 1992.

Utaniambia sisi tuna "discussion group" tangu shule ya upili. Ndiyo, tunazo. Nenda uzitazame. Wanafunzi sita wamezunguka meza, mmoja ambaye anajua anaandika, watano wananakili na kutikisa vichwa. Au wamegawana mada: wewe matrisi, mimi namba changamani, yule milinganyo, kila mtu akaja kueleza yake, na mtihani ukaleta ile ambayo hukuieleza wewe. Kinachofanya kazi ni kila mmoja kuja na jasho lake, amejaribu swali lilelile hadi mahali alipokwama, ndipo mabishano yaanze. Mwenye kujua ajizuie kushika kalamu. Watu watatu wenye sapu moja, meza moja ya maktaba ya umma pale Kisumu, jioni tatu kwa wiki kabla ya tarehe ya mtihani, wana nafasi nzuri kuliko mmoja mwenye mwalimu wa kulipwa. Lakini ili wakutane, lazima kila mmoja akubali kwamba ana sapu. Siri inatuzuia tena hapo.

Hadi sasa nimezungumza kana kwamba wote wanapaswa kurudia. Hapana. Wapo wanaopaswa kuondoka, na ni vizuri waondoke mapema. Kigezo changu ni swali moja: kama yuniti hiyo ya hesabu ingefutwa leo kwenye kozi yako, ungebaki? Ukijibu ndiyo bila kusita, basi unaitaka kazi iliyo mbele, na hesabu ni ada ya kuingilia, ilipe. Ukijibu kwamba hata ikifutwa ungetafuta njia ya kutoka, basi 31 imekufanyia hisani ya kukuamsha.

Ili ujibu swali hilo kwa haki, ni lazima ujue hesabu hiyo inafanya nini kazini, na hapa walimu wetu hutuangusha. Mwanafunzi wa umeme hufundishwa namba changamani kama adhabu, hadi aulize mwenyewe. Zina kazi. Kwenye umeme wa AC, ukiunga kwa mfululizo resista ya omu 3 na koili yenye reaktansi (ukinzani wake kwa AC) ya omu 4, jumla yake haiwi 7. Inakuwa 5, kwa sababu athari hizo mbili zinasimama kwa pembe mraba, ile pembetatu ya 3, 4 na 5 uliyochora sekondari. Fundi asiyejua hili atachagua waya na swichi kwa kubahatisha. Mwenye kiwanda cha barafu au cha kuchakata mbuta, mwenye mota nyingi zinazozunguka mchana kutwa, analipa bili inayotegemea umbo la pembetatu hiyohiyo. Mtu wa kumpunguzia bili ni yule aliyerudia karatasi ya hesabu hadi akaielewa.

Au chukua takwimu, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi wa afya, kilimo, uvuvi na biashara. Matatu ile ya Busia hupita nje ya lango la KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian. Kombewa na Siaya, si mbali na hapo, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio, kabla haijaanza kutolewa kwa majaribio ya huduma magharibi mwa Kenya Septemba 2019. Ilijulikanaje kwamba inafaa? Haikuzuia malaria yote. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne walipungukiwa na visa kwa zaidi kidogo ya thuluthi, na kupungua kwa kiasi hicho huwezi kukuona kwa macho kijijini, mahali ambapo mtoto mmoja anaugua mara mbili na jirani yake haugui. Kunaonekana kwa kulinganisha makundi makubwa na kupima kama tofauti ni ya kweli au ya bahati. Ndiyo yuniti ile. Watu wa utafiti wa samaki wa KMFRI nao hawahesabu kila omena ziwani. Wanachukua sampuli, kisha hesabu inasema mengine. Mwanafunzi wa uvuvi kutoka Port Victoria anayeichukia takwimu anaweza kufikiri anakwepa namba, kumbe anakwepa ziwa lenyewe.

Lakini si kila kozi inahitaji kila hesabu, na hapa nina ugomvi na wapangaji wa mitaala. Huko New York, Alexandra Logue na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jiji, CUNY, walifanya jaribio na kulichapisha mwaka 2016. Wanafunzi wapatao 900 wa vyuo vya jamii, wote wakihesabiwa kuwa dhaifu katika hesabu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi waliwekwa kwenye aljebra ya marudio, kama ilivyokuwa desturi. Wengine waliingizwa moja kwa moja kwenye takwimu ya kiwango cha chuo, pamoja na kikao cha msaada kila wiki. Waliopita aljebra walikuwa kama 39 katika kila 100. Waliopita takwimu, ambayo ndiyo iliyohesabiwa kuwa ngumu zaidi, walikuwa 56. Haimaanishi kwamba mhandisi aachiwe kalkulasi. Daraja la Nzoia halitasimama kwa huruma. Inamaanisha kwamba mtu wa biashara au ustawi wa jamii anayezuiwa na aljebra ambayo hataigusa tena maishani amewekewa kizuizi, na kizuizi hicho hakimfundishi chochote.

Serikali yenyewe imekubali nusu ya hoja hii. Baada ya kelele za umma kuhusu hisabati kufanywa ya hiari katika shule za upili za juu, Wizara ya Elimu ilitangaza Aprili 2025 kwamba somo hilo litabaki la lazima kwa wote, ila kwa sura mbili: ya msingi mzito kwa wanaoelekea sayansi na uhandisi, na nyingine ya matumizi ya kila siku kwa wa sanaa, michezo na sayansi ya jamii. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026. Vyuo vitakavyowapokea watoto hao havitaweza kuendelea na yuniti moja ya hesabu iliyokatwa kwa kipimo kimoja kwa kila mtu.

Anayeamua kuondoka, basi, aondoke kama mtu anayehama nyumba, vitu vyake mkononi. Kama uko mwaka wa kwanza, KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, huwa na kipindi cha maombi ya uhamisho, na ndani ya chuo kuna kuhama idara. Vyote vina tarehe. Uliza ni yuniti zipi ulizopita zitakazohesabiwa unakokwenda, na upate jibu kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo ya ofisini haiingii kwenye transkripti. Kushuka kutoka digrii hadi diploma si kushuka kwa milele. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ya mwaka 2014 ilitungwa ili mtu aweze kupanda kutoka cheti hadi diploma hadi digrii. Karo ya taasisi za ufundi za umma imepangwa kuwa shilingi 67,189 kwa mwaka, kiasi ambacho familia inaweza kukilinganisha na gharama ya kurudia mwaka wa digrii. Na mwenye mikono ya kazi lakini asiyetaka darasa tena kwa sasa, kituo cha mafunzo ya viwanda cha NITA kipo Kisumu, na vyeti vyake vya majaribio ya ufundi vinatambuliwa na waajiri.

Kuhusu kurudi ziwani moja kwa moja, nitasema wazi. Uvuvi ni kazi ya heshima na umesomesha maprofesa wengi wa pande hizi. Anayerudi kwa sababu amepata mtaji, ana mpango na anaipenda kazi, namtakia heri. Anayerudi kwa sababu ya 31 atakuta huko nako hesabu inamngoja: mafuta ya mashine, mgawo wa wavuvi na mwenye chombo, miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena ambamo hakuna kinachoingia. Tofauti ni kwamba ziwa halina sapu.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akija na habari hii, maswali ya kwanza yawe mawili: sapu ni lini, na ni pesa ngapi? Mengine yasubiri, pamoja na yule mtoto wa jirani aliyepata first class. Na wewe mwanafunzi, usimpelekee mama kilio kitupu. Mpelekee maneno yaliyokamilika: "Mama, nimepita sita, hesabu imenishinda. Nimeuliza idarani, CAT ya pili ndiyo iliyoniangusha. Sapu ni mwezi fulani, ada ni kiasi fulani, na tutasoma watatu." Mzazi anayesikia hivyo anaweza kukasirika jioni nzima, lakini asubuhi ana jambo la kufanya. Na kama siri imekuwa nzito hadi huli wala hulali, acha habari ya hesabu kwanza, nenda ofisi ya ushauri ya chuo au umwambie mtu mzima unayemwamini, leo hii.

Ombi la mwisho ni la vyuo vya ukanda huu wa ziwa, kuanzia vyuo vikuu hadi vile vya ufundi vya mashinani. Toeni matokeo ya hesabu kabla siku za kujiandikisha kwa sapu hazijaisha, yakiwa na mgawanyo wa CAT na mtihani, ili mwanafunzi ajue kilichomwangusha. Tengeni chumba kimoja na mwalimu mmoja kwa wiki tatu kabla ya sapu, wenye yuniti hiyo wakutane. Hayo hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji mkuu wa idara atie sahihi na kubandika tangazo ukutani.